Sushi Kwanza, Moto Baadaye: Namna ya Kula Kwenye Mgahawa wa Sushi na Hibachi

Kwa miaka sita nilibeba sinia kwenye mgahawa wa Kijapani huku Marekani, katika mji mdogo wa jimbo la Ohio. Mlango ulikuwa mmoja, lakini ndani kulikuwa kama na migahawa miwili. Kushoto ilikuwa kaunta ya sushi, kimya na baridi, wapishi watatu wameinamia visu vyao. Kulia zilikuwa meza saba za hibachi, ambapo mpishi anakupikia mbele yako juu ya bamba la chuma, moto na kelele, watoto wakipiga makofi. Na karibu kila jioni niliona jambo lile lile. Watu wanaketi kwenye meza ya moto, wanaagiza sushi na nyama kwa mpigo mmoja, sushi inafika wakati mpishi ndiyo kwanza anawasha. Kila mtu anatazama moto. Sahani ya sushi inakaa dakika ishirini na tano kando ya chuma kinachofuka joto, wali unakauka juu, samaki anapata vuguvugu, mwani unalegea kama karatasi iliyonyeshewa. Mwisho wanaonja na kusema, kumbe sushi yenyewe ndiyo hii? Nilikuwa napita na sinia yangu huku roho ikiniuma, maana nilimwona mpishi akiitengeneza na najua ilikuwaje ilipotoka mikononi mwake.

Kwa hiyo maelekezo yangu karibu yote yanahusu wakati: kipi uagize kwanza, kipi ule papo hapo, kipi kinaweza kungoja. Nawaandikia hasa wale walioalikwa na wafanyakazi wenzao Ijumaa jioni, hawajawahi kuingia, na hawataki kuuliza mbele za watu.

Unaingia wapi hasa

Sushi ni wali uliokolezwa siki, sukari na chumvi. Samaki si lazima, na akiwepo si lazima awe mbichi. Samaki mbichi aliyekatwa vipande na kuletwa bila wali anaitwa sashimi. Tofauti hii ishike, maana nimewaona watu wakiagiza sashimi wakidhani watapata zile roli za kwenye picha, wakaletewa vipande vitupu vya samaki, wakakosa la kusema.

Ile sushi ya kidonge, yaani kitonge kidogo cha wali chenye kipande cha samaki juu, inaitwa nigiri. Ilishamiri katika jiji la Edo, ambalo leo ni Tokyo, mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuhusu mwanzo wake ni mpishi Hanaya Yohei. Ilikuwa chakula cha vibandani: mtu anapita, anasimama, anakula vipande viwili vitatu kwa mkono, anaendelea na safari yake. Ndiyo maana nasema tangu asili yake sushi haikuumbwa kungoja mtu. Wali mzuri wa nigiri unatakiwa kuwa na joto la mwili, samaki akiwa na ubaridi kidogo, na hali hiyo haidumu hata dakika kumi.

Upande wa moto una historia nyingine kabisa. Kwa Kijapani hibachi ni chombo cha makaa, hi maana yake moto na bachi bakuli, nacho kiliwekwa chumbani watu waote. Kile unachokiona mgahawani, bamba pana la chuma ambalo wageni wanaketi kulizunguka, Wajapani wanakiita teppanyaki. Mgahawa wa Misono mjini Kobe unatajwa kuwa ulianza kupika hivyo mbele ya wageni mwaka 1945. Mwaka 1964 Hiroaki Aoki, ambaye wengi walimjua kwa jina la Rocky, akafungua Benihana yenye meza nne kwenye mtaa wa West 56 jijini New York, na mbwembwe za visu na moto zikawa sehemu ya chakula. Kwa hiyo usishangae Mjapani akikwambia kwamba hibachi ya namna hii hakuiona kwao. Ni chakula cha Wajapani waliohamia Marekani, kwa ajili ya Wamarekani, nami nakipenda hivyo hivyo kilivyo.

Kabla hujatoka nyumbani

Ukienda kwa ajili ya meza ya moto, piga simu. Ijumaa na Jumamosi jioni bila kuweka nafasi mtasimama mlangoni muda mrefu. Taja mpo wangapi, watoto wangapi, na kama kuna mtu anayedhuriwa na chakula fulani. Fikeni dakika kumi kabla. Meza moja hukaa watu wanane hivi, na kama nyinyi ni wanne, mtaketishwa na wengine msiowajua. Mpishi haanzi mpaka meza yote iwe imeagiza. Familia moja ikichelewa, wageni wa familia nyingine wanakaa na njaa wakitazama chuma kitupu. Mlo wote, tangu kuketi mpaka kulipa, utakula kama saa moja na nusu, kwa hiyo usiupange na jambo jingine la haraka usiku huo.

Nguo vaa za kawaida, ila si zile unazozihifadhi. Utatoka ukinukia kitunguu saumu na siagi, na harufu hiyo itashika koti mpaka kesho kutwa. Koti liache ndani ya gari kama baridi inaruhusu. Mtandio mrefu au mikono mipana ikunje vizuri kabla moto haujawashwa, hasa kama kitambaa ni cha nailoni. Nimewahi kumvuta dada mmoja bega kwa sababu ncha ya mtandio wake ilikuwa imelala ukingoni mwa chuma, naye hakuwa na habari.

Mkiingia mtasikia wapishi wakipaza sauti: Irasshaimase! Ni karibuni. Haitaki jibu, kutikisa kichwa kwa tabasamu kunatosha.

Kukaa kaunta, kukaa mezani

Kama umekuja kwa ajili ya sushi tu, na mpo wawili, ombeni kaunta. Hapo kipande kinasafiri nusu mita kutoka mkononi mwa mpishi hadi mdomoni mwako. Mpishi wa sushi anaitwa itamae. Samaki unaweza kumwagiza yeye mwenyewe, lakini vinywaji, supu na bili ni kazi ya mhudumu. Usimpe itamae pesa mkononi, kwani mikono ile inashika chakula.

Swali la kumuuliza ni moja: leo kipi kizuri? Usimuulize kama samaki ni safi. Anaisikia kama umemshuku, na hakuna atakayekujibu kuwa hapana. Ukimuuliza kipi kizuri, uso unafunguka, atakuonyesha kile alichokipokea asubuhi. Na ukimwamini zaidi, sema omakase, yaani nakuachia wewe uchague, ila kabla ya hapo mwambie bajeti yako waziwazi. Hakuna aibu. Wapishi wetu walifurahi kuambiwa kiasi kuliko kumwona mgeni akishtuka mwishoni.

Kama mmekaa kwenye meza ya moto na bado mnataka sushi, basi sikiliza vizuri. Iagize mara tu unapoletewa maji, kabla hujaifungua menyu ya nyama. Mwambie mhudumu: tuletee sushi kwanza, kabla ya mpishi. Tutakuelewa na tutakushukuru. Agizeni kidogo, roli moja kwa watu wawili, kwa sababu mzigo wa wali na nyama unakuja nyuma yake. Na ikifika, kuleni. Msiisubirie picha, msimsubiri mjomba aliyekwenda kunawa.

Uagize nini mara ya kwanza

Menyu ya sushi inatisha kwa wingi wa majina, lakini maumbo ni machache. Nigiri nimeieleza, na mara nyingi huku huletwa viwili viwili. Maki ni roli, wali na vitu vya ndani vilivyoviringishwa kwa mwani mkavu uitwao nori, kisha vikakatwa vipande sita au vinane. Huku Marekani roli nyingi zina wali kwa nje na mwani kwa ndani, jina lake uramaki. Temaki ni pakacha la mwani la kushika mkononi, nalo ndilo lisilovumilia kabisa: ukiliweka chini dakika tano, mwani unageuka mpira. Chirashi ni bakuli la wali lenye samaki aina aina juu yake.

Kama samaki mbichi anakutia wasiwasi, anza na vilivyopikwa. Ebi ni kamba aliyechemshwa. Unagi ni mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, wa maji yasiyo na chumvi, siku zote amechomwa na kupakwa sosi tamu, na kwa maoni yangu ndiye anayewashinda wote kwa mtu wa mara ya kwanza. Tamago ni kimanda kitamu kidogo. Tako, yaani pweza, kwa kawaida amechemshwa. Roli ya California ina parachichi, tango na kile kinachoitwa kaa, ambacho mara nyingi si kaa bali samaki mweupe aliyesagwa na kutiwa ladha, tayari ameshapikwa. Roli ya kamba wa tempura ina kamba aliyekaangwa ndani ya unga mwepesi. Roli ya Dragon aghalabu ina mkunga na parachichi.

Ukirudi mara ya pili, jaribu samoni. Ni laini, ana mafuta, hana harufu kali. Jambo lililonishangaza nilipolisikia ni kwamba zamani Wajapani hawakuwa na desturi ya kumla samoni mbichi, kwa sababu samoni wao walikuwa na minyoo. Ni Wanorwei, waliokuwa wakifuga samoni wengi, waliofanya kampeni ya miaka mingi kuanzia miaka ya 1980 mpaka Japani ikamkubali kwenye sushi. Leo ndiye anayeagizwa zaidi na wageni wangu wapya. Baada yake nenda kwa jodari, ambaye menyu itamwita maguro, halafu hamachi, samaki anayeitwa yellowtail kwa Kiingereza.

Roli zenye majina makubwa zilizofunikwa sosi tatu na vitu vya kukaanga sizikatazi, watu wanazifurahia. Ila chini ya sosi zote zile hutajua samaki yukoje. Agiza hata nigiri mbili tupu pembeni, uionje kazi ya mpishi.

Kumla mbichi bila hofu

Wengi wanadhani samaki wa sushi ni lazima awe hajawahi kugandishwa. Ni kinyume chake. Mwongozo wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, unataka samaki wengi wa kuliwa wabichi wagandishwe kwanza ili minyoo ife: nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri mpaka agande kabisa na kukaa humo saa 15. Baadhi ya jodari wameruhusiwa bila sharti hilo. Kwa hiyo mhudumu akikwambia samoni aligandishwa, hiyo ni habari njema.

Mama mjamzito asile mbichi, na ajiepushe pia na jodari wa macho makubwa, yule aitwaye bigeye, kwa sababu ya zebaki iliyomo mwilini mwake. Mkunga, kamba wa kuchemshwa, kimanda na roli za mboga bado anazo. Wenye kinga dhaifu, wazee sana na watoto wadogo nao wabaki kwenye vilivyopikwa. Na pua yako ina haki yake: sahani ya sushi ikinuka shombo, irudishe. Samaki mzuri hunukia bahari kwa mbali, basi.

Namna ya kuitia mdomoni

Utaletewa kitambaa cha moto au cha baridi kilichoviringishwa, oshibori. Ni cha mikono. Kisha kunja, weka pembeni.

Nigiri unaruhusiwa kuila kwa vidole, hata mbele ya Mjapani mwenyewe, na mimi nakushauri ule hivyo, kwa sababu vijiti vikiminywa na mtu asiyezoea, wali unafumuka. Ishike kwa ubavu, igeuze, chovya upande wa samaki kwenye soya, yaani ule mchuzi mweusi wa chumvi, kidogo tu, uitie yote mdomoni kwa mara moja. Ukichovya upande wa wali, unanyonya soya kama sponji, chumvi inafunika kila kitu na nusu ya kitonge inabaki kwenye kisahani. Unagi na vingine vilivyokuja na sosi juu havichovywi.

Lile donge la kijani ni wasabi. Si parachichi. Nimeliona likimezwa zima zima na kijana mkubwa, machozi yakamtoka mpaka nikampelekea wali mtupu autafune, maana maji hayasaidii sana. Wasabi ya kweli ni shina la mmea, likishakunwa ukali wake unapungua ndani ya dakika kumi na tano hivi, na ni ghali. Kinacholetwa kwenye migahawa mingi ni mzizi mwingine mkali uliochanganywa na haradali na rangi. Weka kiasi cha punje ya dengu juu ya samaki, wala usikoroge donge zima kwenye soya. Tangawizi ile ya waridi iliyolowekwa siki ni ya kusafisha ulimi kati ya samaki mmoja na mwingine, haiwekwi juu ya sushi.

Vijiti: cha chini hakitembei, kimelala kati ya kidole gumba na kidole cha pete. Cha juu unakishika kama kalamu na ndicho kinachofungua na kufunga. Ukishindwa, omba uma, au omba vya watoto vilivyofungwa kwa mpira. Mambo mawili tu usiyafanye. Usivichomeke vijiti wima ndani ya wali, wala usimpitishie mwenzio chakula kutoka vijiti hadi vijiti. Yote mawili ni ya msibani kwa Wajapani: bakuli la wali lenye vijiti wima huwekwa kwa ajili ya marehemu, na mifupa baada ya mwili kuchomwa hupokezanwa kwa vijiti. Ukitaka kumwonjesha mtu, mwekee sahanini kwake.

Na ukiagiza edamame, zile soya changa za kuchemshwa ndani ya maganda, ganda haliliwi. Libane kwa meno, punje zitoke, ganda liende kwenye bakuli tupu. Watu wazima waliotafuna maganda kimyakimya kwa sababu ya haya ni wengi kuliko mnavyofikiri.

Kuuliza kilichomo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza, mzee mmoja mwenye kofia alisoma jina langu kwenye kibao cha kifuani, akaniita pembeni kwa Kiswahili. Mwanangu, akasema, kuku huyu ana kileo? Nikamjibu hapana, mzee wangu, kwa uhakika wote. Sikuwa najua. Hakuna aliyewahi kunifundisha na sikuwa nimeuliza. Nilipoingia jikoni nikamkuta mpishi anamimina mirin kwenye sufuria ya teriyaki, ile sosi tamu ya soya. Nikasoma chupa. Mirin halisi ni mvinyo mtamu wa mchele wenye kileo cha karibu asilimia 14, na kuchemsha hakukiondoi chote. Nikarudi mezani miguu ikiniwia mizito. Alikuwa ameshakula matonge mawili. Nilimweleza. Akaweka uma chini, akanyamaza, kisha akasema: umefanya vyema kunirudia. Tulimpikia samaki wa chumvi na ndimu kwenye kikaango kingine. Tangu siku ile sikumjibu mtu yeyote kwa kukisia.

Basi usimuulize mhudumu swali la ndiyo au hapana. Mwombe aende jikoni akaangalie chupa. Kwa wasiotumia kileo, vya kuuliza ni sosi ya teriyaki, sosi ya mkunga, siki ya wali, kimanda, na soya yenyewe, kwani baadhi ya soya huongezwa kileo ili isiharibike. Kwenye meza ya moto uliza pia mpishi anawashia nini: mara nyingine ni mafuta, mara nyingine kileo. Baadhi ya wapishi humminyia mgeni sake, pombe ya mchele ya Kijapani, mdomoni kutoka kwenye chupa. Ukifunika mdomo kwa kiganja anapita, hachukii. Kwa wasiokula nguruwe, gyoza, zile kama sambusa ndogo za Kijapani, kwenye migahawa mingi zimejazwa nyama hiyo. Kwa wasiokula nyama wala samaki, supu ya miso, yaani ya soya iliyochachushwa, huwa na mchuzi wa samaki mkavu, na ile supu nyepesi ya kitunguu ya hibachi aghalabu ni mchuzi wa kuku au ng'ombe.

Wanaodhurika na ngano wajue kwamba soya ya kawaida imetengenezwa kwa ngano pia. Ufuta umo karibu kila mahali. Na anayedhurika na kamba asikae kwenye meza ya hibachi akitegemea bahati: bamba ni moja, miko ni ile ile, mafuta yanatiririka. Mwombe mhudumu chakula chake kipikwe jikoni kwa kikaango cha peke yake. Ni ombi la kawaida, tulilipokea kila wiki.

Moto ukiwashwa

Mpishi anakuja na kigari chake, anasalimia, anarudia oda za kila mmoja. Huo ndio wakati wa kusema, si baadaye. Nyama ya ng'ombe unaitaka imeiva kiasi gani? Kwenye bamba inaendelea kuiva hata ikisogezwa kando, kwa hiyo ukiipenda laini, taja kiwango kimoja chini ya unachokipenda. Kuku hana mjadala, ndani afike nyuzi 74 za Selsiasi. Ukiona bado ana rangi ya waridi, mwambie aongeze muda, yuko mbele yako na moto upo.

Kila mlo kwa kawaida huja na supu, saladi yenye mchuzi wa tangawizi, mboga na wali. Wali wa kukaanga sehemu nyingi unalipiwa nyongeza kidogo juu ya wali mweupe, na tambi vivyo hivyo, kwa hiyo uliza kabla ya kuitikia. Sosi mbili au tatu zitakuwa mbele yako. Ya tangawizi ni ya kamba na mboga. Ya haradali ni ya nyama. Ile nyeupe inayoelekea waridi ina msingi wa mayonezi, ni ya huku huku Marekani, na watoto watailamba hata kwa kidole.

Kisha mambo yanaanza: yai linazungushwa juu ya mwiko, pete za kitunguu zinapangwa kama mlima wa volkano na kutoa moshi, mkia wa kamba unarushwa ukatua kwenye kofia ya mpishi. Piga makofi. Mtu yule anarudia vitu hivi meza sita kwa usiku mmoja, mikono imejaa makovu ya mafuta, na makofi yenu anayasikia kweli. Akitaka kukurushia kipande cha mboga udake kwa mdomo na hutaki, inua mkono tu. Mtoto mwenye hofu ya moto akae upande ulio mbali na mpishi, na mnong'oneze mhudumu mapema, mpishi atawasha mwali mdogo. Ukingo wa meza mbele ya sahani huwa wa vuguvugu, chuma chenyewe kinaunguza papo hapo: mikono midogo ikae mapajani mpaka mpishi azime.

Chakula kinagawiwa kwa awamu: wali kwanza, mboga, kamba, nyama mwisho. Usikingoje kiwe sahani kamili. Kula kila kitu kinapotua. Mboga zile zina dakika zake tano za ukakamavu, zikipita zinalegea.

Bili

Bei za menyu huku hazijumuishi kodi ya mauzo, itaongezwa mwishoni. Halafu kuna bahashishi, au tipu kama wengi tunavyoita. Huko Japani haitegemewi kabisa. Huku Marekani ndiyo mshahara. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa aina yetu dola 2.13 kwa saa, mradi bahashishi ifikishe dola 7.25, ingawa majimbo mengi yanalipa zaidi ya hapo. Asilimia 18 hadi 20 ya bei ya chakula kabla ya kodi ndiyo kawaida: mmekula dola 80, acheni 15 au 16. Angalia kwanza bili, maana kundi kubwa mara nyingi limeshaongezewa asilimia hiyo, na hakuna haja ya kulipa mara mbili. Uliza pia kama mpishi wa hibachi anagawiwa. Kwetu aligawiwa. Kwingine hapati, na hapo mgeni humwachia dola chache mkononi anapomaliza kusafisha bamba.

Ukipita kaunta ukitoka, neno la kumwambia itamae ni gochisosama deshita, ahsante kwa chakula.

Vinavyobaki

Hibachi inabaki sana, na boksi hutolewa bila hata kuomba. Wali na nyama viingie kwenye jokofu ndani ya saa mbili tangu kupikwa. Wali uliolala kwenye joto la chumba unazalisha vijidudu ambavyo kupasha hakuondoi sumu yake, kwa hiyo usiache boksi kwenye gari mkienda kutembea. Kesho yake upashe kwenye kikaango cha moto mkali, nyunyiza kijiko cha maji, funika dakika moja.

Sushi ya samaki mbichi usiifungashe, imalize au iache. Roli ya tango au parachichi ifungashe ukipenda, uile usiku huo huo, maana jokofu linaufanya wali wa siki kuwa mgumu kama chaki. Sosi nyeupe omba kikopo chake cha peke yake na usiitie motoni pamoja na wali: mayonezi yake itakatika, ubaki na mafuta matupu. Imwage juu ya wali ukishaupakua.